Umepandisha kifurushi cha intaneti na bado inakwama? Angalia ruta kwanza

Jamaa sita wanaoishi nyumba moja kule Irving, wote watu wa mjengo, waliniletea bili zao za mwaka mzima niwapigie hesabu. Walitaka kujua kwa nini pesa ya kutuma nyumbani inapungua ilhali ovataimu imeongezeka. Kodi ya nyumba haikuwa imebadilika, umeme ni ule ule. Kilichonishtua ni intaneti: ilianza dola 50 kwa mwezi, ikapanda 65, kisha 80. Nikawauliza, sasa inakimbia? Wakacheka. Ukipiga simu ya video saa nne usiku, wakati huu wa kiangazi Nairobi ni saa kumi na mbili asubuhi, mama anaganda kwenye skrini kama picha ya pasipoti.

Dola 30 za ziada kila mwezi ni 360 kwa mwaka. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hiyo ni zaidi ya 46,000 za Kenya, na hawakupata chochote.

Tukapima kasi kwa simu, tukiwa tumesimama karibu kabisa na ruta. Kifurushi cha kwanza kilikuwa cha megabiti 50 kwa sekunde, cha pili 300, na hiki cha sasa 500. Simu ikasoma 47. Tukarudia, 46. Simu ya mwingine, 47. Hapo ndipo nilipoanza kushuku. Wi-Fi mbovu hupanda na kushuka, leo 20, baada ya dakika 90. Namba ikisimama pale pale kila ukipima, ujue kuna mahali imefungwa.

Ilikuwa imefungwa na wao wenyewe. Zamani, wakiwa na kile kifurushi cha 50, mmoja wao aliwasha kipaumbele kwenye ruta ili simu za video zipite kabla ya sinema na michezo. Kwenye ruta nyingi utakiona kwa herufi QoS. Ukikiwasha, ruta nyingi hukuuliza: laini yako ina kasi gani ya kushusha, na gani ya kupandisha? Aliandika 50 na 5, na alikuwa sahihi. Kisha kifurushi kikabadilika mara mbili na hakuna aliyekumbuka kurudi pale. Ruta ikaendelea kuamini laini ni ya 50, na haipitishi zaidi ya ulichoiandikia.

Kuna sababu nyingine, hasa kwa ruta ya zamani. Wengi wetu tunaijua mizani ya Mariakani, lori zinavyopanga foleni kupimwa moja moja. Kipaumbele kinafanya hivyo hivyo: kila pakiti ya data inakaguliwa ni ya nani na inakwenda wapi. Bila kipaumbele, ruta nyingi zina njia ya mkato ndani ya chipu ambapo data inapita bila kusimamishwa. Ukiwasha, kwenye ruta nyingi njia hiyo inafungwa na kazi yote inaangukia prosesa ndogo. Kwa laini ya 50 hutaona tofauti. Kwa laini ya 500 au 1,000 prosesa inazidiwa.

Kwa hiyo kabla hujapigia kampuni simu kuomba kifurushi kikubwa, fanya hivi. Pima kasi, andika namba. Fungua programu ya ruta, au anwani iliyoandikwa kwenye stika chini yake, zima kipaumbele, subiri ruta ijiwashe upya, pima tena ukiwa umesimama pale pale. Ukiweza, pima na kompyuta iliyochomekwa kwa kebo, ili usiisingizie Wi-Fi kosa la laini. Namba ikiruka baada ya kuzima, mwizi umemkamata.

Je, ukiache kimezimwa? Inategemea. Kama una faiba ya 300 au zaidi, mimi ningekizima nisahau. Lakini baadhi ya laini za kebo zina kasi ndogo sana ya kupandisha, na simu ya video inategemea huko. Watu sita ndani, simu ya mmoja inahifadhi picha mtandaoni, basi ya mwenzake inaganda. Hao jamaa tulipokizima kasi ilipanda, ila usiku simu ziliendelea kukatika. Tukakirudisha tukiwa na namba mpya: asilimia 90 ya kile tulichopima, kushusha na kupandisha. Hiyo 10 iliyobaki inasaidia foleni ikae ndani ya ruta, inayojua nani apite kwanza, badala ya kukaa kwenye modemu isiyojua. Kisha wakarudi kifurushi cha dola 50.

Ukikuta sehemu imeandikwa WMM, usiiguse. Nayo ni kipaumbele, lakini cha Wi-Fi yenyewe, na ukiizima Wi-Fi inaweza kurudi kwenye kasi ya kizamani isiyozidi megabiti 54.

Dada unayelala kwa mwajiri, mfano wale wanaotunza wazee Houston: ruta si yako, usiifungue kimya kimya. Inawezekana kompyuta ya mwenye nyumba imepewa nafasi ya kwanza na simu yako iko mkiani. Mwombe kwa adabu, mwambie ni saa moja tu ya kuongea na watoto. Akiiweka simu yako kwenye orodha, usiibonyeze "sahau mtandao huu" baadaye, maana simu za siku hizi hujificha kwa anwani ya kubuni, na ikibadilika ruta haitaitambua tena.

Nimeliandika hili kwenye ukurasa wa pesa kwa sababu moja zaidi. Tangu tarehe 1 Januari 2026, anayetuma pesa nje ya Marekani kwa kulipa keshi au manioda anakatwa kodi ya asilimia 1. Anayelipa kutoka akaunti ya benki ya hapa au kadi ya benki ya hapa hakatwi. Wengi wamehama kaunta wakaja kwenye simu. Sasa Wi-Fi ikikwama wakati umebonyeza "tuma", usibonyeze mara ya pili. Zima Wi-Fi, tumia data ya simu, fungua orodha ya miamala, na uangalie benki kama dola zimeshatoka. Nimeshaona karo ya muhula mmoja ikitumwa mara mbili ndani ya dakika tatu, na aliyepokea ya pili hakuwa na haraka ya kuirudisha.