Dakika Sita za Kutembea Baada ya Shambulio la Moyo

Mgonjwa aliyenusurika shambulio la moyo huweza kuogopa hata kwenda msalani. Hofu hiyo ina historia: hadi katikati ya karne ya 20, wagonjwa wa aina hii walilazwa kitandani kwa wiki kadhaa. Mwaka 1952, madaktari Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston walieleza faida za kumkalisha mgonjwa kitini mapema.

Leo swali ni la kutembea. Katika kipimo cha dakika sita, mgonjwa huenda na kurudi katika ushoroba wa mita 30, kwa mwendo anaoumudu, na huruhusiwa kupumzika. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2002 ulikizuia kwa mwezi mzima baada ya shambulio. Ule wa Ulaya na Marekani wa mwaka 2014 ulifupisha muda huo kuwa siku 3 hadi 5.

Hata hivyo, usalama hautokani na kalenda pekee. Mgonjwa asiwe na maumivu ya kifua akiwa ametulia. Mapigo ya moyo na shinikizo la damu vipimwe kwanza. Oksijeni na mashine ya kushtua moyo viwe karibu. Kipimo kisitishwe mara moja akipatwa na maumivu ya kifua, akihema kupita kiasi, akiyumba, akitokwa na jasho jingi au akipauka.

Anayenyamazia maumivu ili aonekane amepona hujihatarisha. Umbali si mashindano. Ni kielelezo cha uwezo wa mwili, kitakachomwongoza daktari kupanga mazoezi ya nyumbani.