Karate ina mababu wangapi?

Mwezi uliopita nililala siku mbili kwa dadangu kule Kware, Kitengela. Mwanawe wa miaka 13 nilimkuta hali, hacheki. Amesoma karate miaka mitatu kwa mwalimu mmoja, kafika mkanda wa kijani, kisha mwalimu akahama. Klabu aliyoingia baadaye ikamwambia mkanda ule haufai kwa sababu silsila ya mwalimu wake "si ya asili". Aanze tena mkanda mweupe, na ada za mitihani zilipwe upya. Dadangu anauza mboga. Ada hizo si mzaha.

"Mjomba," akaniuliza, "kwani karate ya asili ni ipi?"

Sisi watu wa pwani hatuna haki ya kucheka swali la nasaba. Nikakaa nikasoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Hadithi inayopendwa na wengi, hata kwenye filamu, ni ya mtawa wa Kihindi aitwaye Bodhidharma. Yasemwa alifika hekalu la Shaolin, Uchina, karne ya 6, akawapa watawa mazoezi, na humo zikazaliwa kung fu na baadaye karate. Hadithi tamu, lakini kitabu kinachoibeba, Yijin Jing, ni cha mwaka 1624, zaidi ya miaka elfu baada ya mtawa mwenyewe. Dibaji yake inajidai kuandikwa mwaka 628. Tang Hao, mwanahistoria Mchina, aliichambua katika miaka ya 1930 akaonyesha kuwa ni ya kughushi.

Kilichopo Shaolin ni jiwe lililochongwa mwaka 728. Linasema watawa walimsaidia Li Shimin, aliyekuja kuwa mfalme wa Tang, katika vita vya 621. Walipigana, sawa. Walipiganaje, jiwe halisemi.

Wajapani nao wana kesi yao. Kulikuwa na Mchina, Chen Yuanyun, aliyehamia Japani karne ya 17, na wako waliomwita baba wa jujutsu. Kano Jigoro, aliyeanzisha judo mwaka 1882, alilipinga dai hilo kwa maandishi: shule ya Takenouchi ilikuwapo tangu 1532, kabla Chen hajazaliwa. Hoja yake ina nguvu, ijapokuwa Kano naye alikuwa na fahari ya taifa lake ya kulinda.

Karate yenyewe ndiyo yenye mambo. Kwao si Tokyo bali Okinawa, visiwa vilivyokuwa ufalme wa Ryukyu, vikifanya biashara na Uchina kama sisi tulivyofanya na Oman na Gujarat, hadi Japani ilipovitwaa mwaka 1879. Zamani neno "kara" liliandikwa kwa herufi yenye maana ya Tang, yaani Uchina: mkono wa Kichina. Funakoshi Gichin akaupeleka mchezo Tokyo mwaka 1922. Miaka ile Japani ilikuwa ikielekea vitani na Uchina, na jina hilo halikupendeza. Mwaka 1936 walimu walikutana Naha wakakubaliana na herufi nyingine inayotamkwa vilevile, yenye maana ya "tupu". Mchezo ule ule, sasa mkono mtupu. Babu Mchina akafutwa kwa kalamu.

Hata mtindo wa Goju-ryu, ambao Miyagi Chojun aliurithi kwa Higaonna Kanryo, una kiungo cha giza. Higaonna alisomea Fuzhou, Uchina, kwa mwalimu anayetajwa kama Ryu Ryu Ko. Huyo alikuwa nani hasa, wataalamu wanabishana mpaka leo, na nyaraka nyingi za Okinawa ziliteketea katika vita vya 1945. Goju-ryu ndiyo iliyofika Dar es Salaam miaka ya 1970 kwa mkono wa Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, aliyefundisha Zanaki. Fuzhou, Naha, Marekani, Dar: nani hapo wa kumwambia mwenzake si wa asili?

Nasi tunayo ya Washirazi na majahazi saba. Wanahistoria waliipuuza muda mrefu, na kule Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji walikuta mji uliokua kutoka kwa wenyeji. Kisha uchunguzi wa DNA wa 2023, wa mifupa ya makaburi ya zamani ya pwani, ukaonyesha akina mama wengi Waafrika na akina baba wengi kutoka Uajemi. Kwa hiyo hadithi ilikuwa na ukweli ndani yake, ila iliwasahau mabibi.

Nilimwambia mpwa wangu awaulize wale wa klabu swali moja kwa adabu: mwalimu wa mwalimu wenu wa nne ni nani? Waliulizana wenyewe kwa wenyewe, nasikia, muda mrefu. Sasa wamekubali kumtazama akicheza kata zake Jumamosi, wapime mkanda kwa macho. Ada, wamesema, itazungumzwa baadaye.