Shule Ni Yetu, Tuijenge

Tangu mwaka 2016 shule za serikali hapa Tanzania hazitozi ada mpaka kidato cha nne. Tangu 2022 ni mpaka kidato cha sita. Lakini kufuta ada siyo kujenga madarasa. Kipimo cha serikali ni hiki: darasa moja la shule ya msingi, wanafunzi 45, tundu moja la choo, wasichana 20 au wavulana 25. Nenda shuleni kwenu ukahesabu. Madarasa au vyoo vikipungua, usinung'unike nyumbani. Sema kwenye mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Hapo tukubaliane nani alete mchanga, nani mawe, nani fedha. Ukitoa fedha, dai stakabadhi. Hesabu zikibandikwa, zisome mwenyewe. Kusoma si unajua? Haba na haba hujaza kibaba.