Tomasz Gollob, bingwa wa pikipiki zisizo na breki

Septemba 2010, huko Terenzano nchini Italia, Tomasz Gollob wa Poland alijihakikishia ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki ziitwazo spidiwei. Alikuwa na miaka 39. Poland ilikuwa ikilisubiri taji hilo tangu 1973, Jerzy Szczakiel alipolitwaa mjini Chorzów.

Mchezo huu haujulikani sana kwetu, kwa hiyo tuanze na pikipiki yenyewe. Ina injini ya cc 500 inayotumia methanoli, na haina breki kabisa, si ya mbele wala ya nyuma. Waendeshaji wanne huzunguka mara nne uwanja wa udongo wenye umbo la yai, wakikata kona za kushoto tu. Mbio moja huchukua takriban dakika moja. Wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, na wa mwisho huondoka mikono mitupu.

Kukosa breki kunasikika kama wazimu, lakini kuna sababu. Wanne wakiwa wamebanana kwenye kona, mmoja akishika breki ghafla, aliye nyuma yake hana pa kupita. Kwa hiyo mwendeshaji huliachia gurudumu la nyuma liteleze kwenda nje, huku akigeuza usukani kulia ilhali anakata kushoto. Mguu wake wa kushoto, wenye kiatu kilichofungwa chuma chini, unaburuzika ardhini. Kule kuteleza ndiko kunakopunguza mwendo.

Gollob, mzaliwa wa Bydgoszcz, alipenda kupita nje kabisa, karibu na uzio. Njia hiyo ni ndefu zaidi, lakini udongo unaorushwa na magurudumu hurundikana huko, na tairi hupata mahali pa kung'ang'ania.

Mwaka 1995 alishinda duru ya kwanza kabisa ya mfululizo wa Grand Prix, mjini Wrocław. Ungedhani taji liko mlangoni. Akawa wa tatu 1997 na 1998, wa pili 1999 nyuma ya Tony Rickardsson wa Sweden, wa tatu tena 2001 na 2008, wa pili 2009. Wengi wa rika lake walikuwa wamekwisha kustaafu. Kwetu sisi, miaka hiyo 15 inatueleza zaidi juu yake kuliko medali ya dhahabu yenyewe.

Ajali iliyomaliza safari yake haikutokea kwenye spidiwei. Aprili 2017, mjini Chełmno, alianguka kabla ya mashindano ya motokrosi, mbio za kwenye vilima na mashimo ambazo pikipiki zake zina breki. Uti wa mgongo uliumia vibaya, na tangu siku hiyo anatumia kiti cha magurudumu.

Safari hii Poland haikusubiri muda mrefu. Bartosz Zmarzlik, aliyeanza akiwa kijana mdogo katika klabu ya Gorzów wakati Gollob akiwa nyota wake, alitwaa ubingwa wa dunia 2019. Kufikia 2024 alikuwa ameshautwaa mara tano.