FARASI WA MBIO NA MZIGO WAKE

Kijana wa miaka kumi na sita akishindana mbio na mdogo wake wa miaka tisa katika njia ya soko la Butembo, nani atatangulia? Kila mtu anajua kabla hawajaanza. Lakini mkubwa akibeba kilo kumi za maharage, na mdogo akikimbia mikono mitupu, hapo ni vigumu kutabiri. Mbio nyingi za farasi hufuata fikira hiyo.

Huku Beni na Butembo farasi huonekana kwa nadra. Katika mabonde ya joto yenye pori, nzi aitwaye mbung'o humwambukiza ugonjwa wa nagana, naye hukonda hata kufa. Lakini Nairobi, mji mkuu wa Kenya, uko juu penye baridi, na watu hufuga farasi huko. Uwanja wao wa mbio, uitwao Ngong, ulifunguliwa mwaka 1954.

Farasi hao wa mbio ni wa ukoo mmoja, ulioanzia Uingereza. Kati ya miaka ya 1680 na 1730 hivi, farasi dume watatu kutoka nchi za mashariki walipelekwa huko, wakazaa na majike ya Waingereza. Mmoja wao alitoka Aleppo, katika Syria, mwaka 1704. Farasi wote wa ukoo huu duniani, ukifuata baba na babu zao, wanatoka kwa hao watatu. Majina yao huandikwa katika kitabu cha ukoo, kilichoanza kuchapwa mwaka 1791.

Farasi wa namna hiyo aweza kukimbia kilometa 60 kwa saa. Toka Butembo hata Beni ni kilometa 54 hivi. Je, angefika kwa saa moja? Hapana, maana nguvu hizo hazidumu. Ndiyo sababu mbio nyingi ni za meta 1,000 hata 3,000 tu. Kwa dakika chache zimekwisha.

Sasa, mzigo. Mwamuzi husoma jinsi kila farasi alivyokimbia zamani. Aliyeshinda mara nyingi hupewa uzito mkubwa, kwa mfano kilo 60. Aliye dhaifu hupewa kilo 52. Uzito huo ni wa mpanda farasi pamoja na tandiko lake. Mpandaji akiwa mwepesi mno, vipande vya risasi, madini yale mazito, hutiwa katika mifuko chini ya tandiko. Katika mbio nyingine kubwa, kama Derby ya Epsom huko Uingereza, iliyoanza mwaka 1780, farasi wote wana miaka mitatu. Hapo madume hubeba uzito sawa, na majike hupunguziwa kidogo.

Lakini nani atahakikisha kwamba mzigo haukutupwa njiani? Kazi hiyo ni ya mizani. Kabla ya mbio mpandaji hupimwa akiwa na tandiko mkononi. Baada ya mbio aliyeshinda hushuka, hufungua tandiko mwenyewe, na kurudi kwenye mizani. Uzito ukipungua kuliko sheria inavyoruhusu, ushindi huondolewa, hata kama watu wote walimwona akitangulia.

Farasi naye ana haki yake. Mfupa wa mguu wake ukivunjika vibaya, mara nyingi hauponi, naye huuawa asiteseke. Kwa hiyo mganga wa wanyama huwapo uwanjani, na katika nchi nyingi sheria huweka mpaka wa mapigo ya fimbo.

Wapo watazamaji wanaoweka franga zao juu ya farasi mmoja, wakitumaini kutajirika. Wengi hurudi nyumbani mifuko mitupu, na watoto wao hukosa chakula. Mizani humlinda mshindani asidanganywe. Haimlindi mtu na tamaa yake mwenyewe.

MASWALI
1. Kwa nini farasi mwenye nguvu hubebeshwa uzito zaidi?
2. Mpandaji hupimwa mara ngapi, na kwa sababu gani?
3. Nagana ni nini?