Kabati Lisimame Lenyewe

Mnunuzi wa kabati Kitale au Bungoma huuliza bei, mbao na rangi. Ni saiprasi au mahogani? Vanishi itakauka lini? Kama mtoto wa miaka miwili akining'inia kwenye droo kabati litasimama au litamlalia, hilo haliulizwi, na kwa hiyo fundi haliweki kwenye hesabu yake.

Tazama kabati la droo tano linalosubiri mteja kando ya barabara. Mbele ni mbao nzito, pengine na kioo. Nyuma ni plaiwudi nyembamba iliyopigiliwa misumari, maana huko hakuna atakayeangalia. Uzito umeelemea mbele hata kabla ya nguo kuingia. Droo nazo hazina kizuizi: zote hufunguka kwa pamoja, na mtoto huona ngazi.

Marekani ilijifunza kwa vifo. Mwaka 2016 kampuni ya fanicha ya IKEA ilitangaza kurejeshwa kwa makabati milioni 29 nchini humo baada ya watoto kuangukiwa. Sheria ya STURDY ilitiwa saini Desemba 2022, na tangu Septemba 2023 kabati jipya la nguo sharti lipimwe droo zikiwa zimejaa na ziko wazi, kwa kuzingatia mtoto wa hadi kilo 27.

Awali kampuni zilitegemea kamba ya kufungia ukutani. Huku kwetu kamba hiyo haifiki mbali. Mwenye nyumba hataki ukuta wake utobolewe, na ukuta wa udongo haushiki skrubu. Dawa iwe kwenye umbo: kitako kipana, miguu ya mbele isogezwe nje, mgongo wa ubao mzito. Kizuizi cha droo ni kipande tu cha mabaki yaliyo chini ya benchi. Gharama iko kwenye mgongo, na mbao hazijawa rahisi tangu marufuku ya 2018 ya kukata miti katika misitu ya umma, ingawa iliondolewa 2023.

Lakini fundi ana nafasi. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoza fanicha za nje ushuru wa asilimia 35. Kinga hiyo ya soko ingelipwa kwa kazi salama.

Wewe mnunuzi, kabla ya kumaliza deni, jaza droo, fungua zote zinazokubali kufunguka pamoja, kisha tundika mtungi wa maji wa lita 20 kwenye droo ya juu. Miguu ya nyuma ikiinuka, usitoe salio.