Mteja anasema saa ni feki, na saa haina kosa

Wauzaji wenzangu wa saa, hii ni yetu. Niliuza saa ya michezo, zile zinazopima mwinuko, kwa kaka mmoja wa Moshi anayepandisha watalii Kilimanjaro. Laki mbili na themanini, nikaituma kwa basi. Kabla ya kuifunga nilienda nayo ufukweni hapa Dar nikaiseti sifuri, nikajiona fundi kabisa. Wiki ya pili inaingia picha WhatsApp: mkono wake uko kwenye bango la kilele cha Uhuru, bango linasema mita 5,895, saa inasema 5,640. Chini ameandika, "Dada umeniuzia feki. Nirudishie hela yangu."

Nilishaanza kuzitafuta hizo hela. Bahati nzuri nilikaa kwanza na kile kijitabu cha ndani ya boksi, ambacho wengi wetu hatukifungui.

Ukweli ni kwamba saa haipimi mwinuko. Ina sensa (sio ile ya kuhesabu watu) inayopima mgandamizo wa hewa, halafu inapiga hesabu. Ukipanda juu hewa iliyo juu yako inapungua, kwa hiyo mgandamizo unashuka. Karibu na bahari, kila ukipanda mita 8 hivi unapoteza hektopaskali 1. Sasa hesabu hiyo inafuata hewa ya kiwango cha kimataifa: nyuzi 15 usawa wa bahari, na kupungua nyuzi 6.5 kila mita 1,000. Kwetu kuna joto kuliko hapo. Hewa ya joto inatanuka, mgandamizo unashuka polepole zaidi, na saa inadhani bado hujafika. Ukiiseti Dar ukaenda nayo hadi Uhuru bila kuigusa, inapunja zaidi ya mita 200. Kosa lilikuwa langu, sikumwambia aiseti upya njiani. (Zile zinazojirekebisha zenyewe kwa GPS zina nafuu.)

Kuna lalamiko lingine utakutana nalo: "Saa iko mezani lakini inapanda." Huku kwetu karibu na ikweta mgandamizo unapanda na kushuka mara mbili kwa siku. Unakuwa juu kama saa nne asubuhi na saa nne usiku, unakuwa chini kama saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Tofauti ya hektopaskali 3 tu inatosha kukuonyesha mita 25 za uongo. Mimi nimeijaribu juu ya friji yangu, usibishane na mteja, mwambie ajaribu mwenyewe.

Joto nalo. Ikiwa mkononi inasoma joto la mwili wako. Avue, aiache kivulini dakika 20 hadi 30, ndipo asome.

Hapa kwenye hali ya hewa naomba muwe makini, maana ni maisha ya watu. Baadhi ya saa zina alamu ya dhoruba. Kwa Suunto, kwa mfano, inalia mgandamizo ukishuka hektopaskali 4 ndani ya saa tatu. Lakini mvua zetu za radi za mchana zinaweza kuja bila mgandamizo kushuka hivyo. Usimwandikie mvuvi kwamba saa itamwonya. Mwambie asikilize utabiri wa TMA, saa iwe nyongeza tu.

Na kuna zile za bei chee zilizoandikwa "hali ya hewa" wakati hazina sensa yoyote, zinavuta taarifa kutoka kwenye simu. Kabla hujapiga picha ya tangazo, zima Bluetooth na GPS, panda nayo ngazi za ghorofa nne. Yenye sensa namba itasogea kama mita 12. Isiposogea, usiandike inapima mwinuko.

Siku hizi kila saa naituma na ujumbe huu, unaruhusiwa kuuchukua: "Saa hii inapima mgandamizo wa hewa. Iseti kwa namba ya bango kila ukifika kambini, na asubuhi tena kabla ya kuondoka. Vitundu vya pembeni vioshe kwa maji safi, usichokonoe na sindano."

Yule kaka nilimpigia, sikuchati. Nikamweleza, nikamwomba radhi, nikamwambia safari ijayo aiseti kila kambi, ikimkosea sana hela yake ipo. Alipofika juu akanitumia picha nyingine, imesoma 5,825. Saa kabaki nayo, na wenzake wawili wameshaniagiza.